Picha kamili ya damu kwa mgonjwa wa malaria: inampa nini mgonjwa wa Unguja na Pemba?

Tunaanza na hukumu. Picha kamili ya damu ni kipimo cha mashine kinachohesabu chembe nyekundu, nyeupe na sahani, na kupima hemoglobini, yaani rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Kwa mtoto, mjamzito au mgonjwa aliyelazwa, kipimo hiki asikikose. Lakini si kipimo cha malaria. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka chini ya 150,000 kwa maikrolita, shaka ya malaria huongezeka. Dengi nayo huzishusha vivyo hivyo. Vimelea vitafutwe kwa slaidi, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo cha darubini, au kipimo cha haraka.

Damu hupungua kwa kufuata aina ya kimelea. Falciparum, aliyezoeleka visiwani kwetu, huingia chembe nyekundu changa na kongwe bila kuchagua, ndiyo maana huweza kuongezeka kwa kasi ya kutisha. Vivax na ovale hupenda chembe changa, nazo ni chache, hivyo ni nadra vimelea kuzidi asilimia 2 ya chembe zote. Malariae hushika zilizozeeka na huchukua saa 72 kuzaliana. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: vimelea vichache si dalili kwamba damu iko salama. Katika vivax wengu huondoa hata chembe nyingi zisizo na kimelea ndani yake, na sahani hushuka kama za falciparum.

Kwa Pemba usisahau safura, minyoo inayonyonya damu na kumaliza madini ya chuma mwilini. Hemoglobini ya gramu 8 kwa desilita yenye chembe nyekundu ndogo kuliko kawaida huelekeza zaidi kwenye upungufu wa madini ya chuma ulioanza zamani, au hitilafu ya kurithi. Malaria ya juzi peke yake haizifanyi chembe kuwa ndogo.

Faida tunayoona inapuuzwa iko kwenye chembe nyeupe. Msomaji wa slaidi nene (tone zito la damu) huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe mpaka 200, kisha huzidisha vimelea kwa 8,000 na kugawa kwa 200. Hiyo 8,000 ni makisio tu, na malaria mara nyingi huzishusha chembe nyeupe. Akipata vimelea 500, makisio yatampa 20,000 kwa maikrolita. Mashine ikionyesha nyeupe ni 4,000, jibu sahihi ni 10,000. Karatasi zote mbili ziko mezani pake, azitumie.

Majibu mengi mabovu huanzia kwenye utoaji damu. Chupa ya kifuniko cha zambarau ijazwe mpaka kwenye alama, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, isitikiswe. Damu ikiganda hata kidogo, sahani hunasa kwenye donge na mashine huandika 40,000 kwa mtu mwenye 200,000. Maabara makini hutafuta donge kwanza, kisha hupaka slaidi nyembamba kuhakikisha. Slaidi ya vimelea nayo ipakwe ndani ya saa moja: damu ikikaa chupani, vimelea huharibika umbo na aina yake haitambuliki vyema.

Cheti kinachosema "malaria chanya" basi, kirudishwe. Daktari anahitaji aina ya kimelea, idadi yake na hemoglobini. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 5 kwa desilita kwa mtoto wa chini ya miaka 12, au chini ya 7 kwa mtu mzima, huyo ni mgonjwa wa dharura. Na aliyechomwa sindano za artesunate, dawa ya malaria kali, apimwe tena hemoglobini siku ya 7 na ya 14 hata akijihisi mzima, maana chembe nyekundu zilizonusurika zinaweza kuvunjika wakati huo, homa ikiwa imeshakwisha.