Msumeno wa kijiji au tingatinga la kampuni: kaboni hupotelea wapi?

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, ndiyo maana miti ya msituni inapovunwa, wengi hudhani hasara ya kaboni ni lile gogo linalopakiwa kwenye lori. Kwa kampuni kubwa za magogo, sehemu kubwa ya hasara iko kwingine: barabara, njia za tingatinga za kuburutia magogo, na miti ya jirani inayovunjika mti mkubwa ukianguka, hasa ikiwa mitambaazi imeifunga pamoja.

Wanakijiji huchana mbao palepale mti ulipoangukia, kisha huzibeba begani. Barabara haihitajiki, udongo haushindiliwi, na miche iliyokuwa kivulini hupata mwanga ikakua. Ukipima kaboni inayopotea kwa hekta, hapo wanakijiji wanashinda.

Ila tusiwapambe mno. Kuchana kwa msumeno wa mnyororo kunapoteza mti: mara nyingi nusu ya gogo au zaidi hubaki msituni kama vumbi na mabanzi, yakaoza na kurudisha kaboni hewani. Ukipima kwa kila mbao inayofika sokoni, tofauti hupungua. Na wakirudia eneo lilelile bila kulipumzisha kwa miongo kadhaa, unafuu huo huyeyuka.