Programu ya mitetemo ya nyota iliyolinenepesha Jua mara 16

Programu hii hukadiria masi ya nyota, yaani wingi wa maada yake, kutokana na mitetemo yake. Sifa zake zote mtazikuta kwenye ukurasa wa mauzo wa waliyoitengeneza, sina haja ya kuzirudia. Mimi nina neno moja tu: hailijui Jua.

Nilipolipia usajili, miezi kadhaa iliyopita, kitu cha kwanza niliipa vipimo vya Jua vya SOHO, chombo cha angani kinacholichunguza Jua, ambavyo viko wazi kwa kila mtu. Yeyote anayeshughulika na mambo haya huanza na Jua, maana majibu yake yanajulikana. Linatetema kwa mizunguko ya dakika tano hivi, jambo lililobainika tangu miaka ya 1960, na ukichora masafa yake (mara ngapi linatetema kwa sekunde) unapata vilele vilivyopangana kama meno ya kitana, virefu zaidi vikiwa karibu na mikrohezi 3,100 (mikrohezi moja ni sehemu ya milioni ya mtetemo mmoja kwa sekunde). Vilele vya aina moja vimeachana kwa mikrohezi 135. Shida ni kwamba katikati yao, karibu nusu ya njia, hukaa vya aina nyingine. Asiyezitofautisha aina hizo huambulia nusu ya pengo, 67 na ushee.

Programu ikanasa kwenye mtego huo, tena kwa kujiamini! Sasa, kwenye hesabu ya masi, pengo hilo hugawanya likiwa na kipeo cha nne. Likate nusu, nyota inanenepa mara 16. Ndivyo nilivyoletewa ripoti maridadi, yenye desimali tatu, kwamba Jua lina masi ya majua 16. Nyota ya unene huo humaliza uhai wake ndani ya miaka milioni kumi na kitu, na Dunia tu ina miaka bilioni 4.5. Onyo? Hakuna.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, nikaambatisha grafu. Jibu: "Ndugu mteja, huenda nyota yako ina kasoro. Tafadhali jaribu nyota nyingine."

Nyota yangu! Nikawaandikia tena kwamba nazungumzia Jua, hilihili linalochomoza kila siku. Wakanitumia mwongozo wa matumizi.

Haki yao niwape: kwa majitu mekundu, yaani nyota zee zilizovimba, ni moto. Niliiingizia nyota zilizopimwa na darubini ya angani ya Kepler, ikazitenga zinazochoma hidrojeni kwenye ganda linalozunguka kiini na zile ambazo tayari zinachoma heliamu ndani ya kiini chenyewe. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi, ila mitetemo inayopenya hadi kiini huzisema: vipindi vyake huachana kwa sekunde 50 hivi kwa kundi la kwanza, 100 hadi 300 kwa la pili. Makundi yale yalipojitenga kwenye skrini hasira ziliniisha, nikawa karibu kuipa alama nne kati ya tano.

Halafu nikajiuliza: kama imeboronga kwa Jua, huko kwingine nani anaikagua? Siku hizi napima mapengo mwenyewe kwenye grafu, moja moja, kabla ya kuamini chochote inachosema. Sasa nalipia nini? Alama mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya majitu mekundu. Usajili unakaribia kuisha na wameshaanza kunibembeleza kwa punguzo. Sijawajibu.