Salik miaka mitatu: stika moja, lakini pochi nne

Mwaka wa tatu huu natoka Sharjah kwenda kazini Al Quoz, Dubai, na stika ya Salik, mfumo wa Dubai wa kulipia barabara kwa salio unalojaza mapema, imeganda pale pale kwenye kioo cha mbele. Husimami, hupunguzi mwendo, hakuna kizuizi cha kungoja kiinuliwe kama kwenye Expressway ya Nairobi. Unapita chini ya geti husikii hata mlio. Umeshakatwa pesa.

Ukimya huo ndio unaomaliza pesa. Zamani ilikuwa dirhamu 4 kila ukipita, hesabu nyepesi. Tangu 31 Januari 2025, saa 12 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku ni dirhamu 6, saa nyingine 4, na kuanzia saa 7 usiku hadi alfajiri saa 12 ni bure. (Jumapili haina hiyo bei ya 6 ya saa za msongamano.) Mimi asubuhi napita geti tatu, Al Mamzar, daraja la Garhoud na Al Safa: dirhamu 18 na chai sijanywa! Kurudi nikivuta hadi saa 2 ipite, nalipa 12. Wenzangu kazini wanadhani napenda soga.

Kilichonifurahisha ni kuegesha Dubai Mall. Siku ya kwanza tulipitiliza muda wa bure, na tukikaribia kutoka mke wangu akaanza kupekua mkoba: "Baba Salma, tiketi umeiweka wapi?" Hakuna tiketi. Tulitoka tu, pesa ikakatwa kwenye salio lile lile la barabara.

Basi nikazoea vibaya. Nilienda Abu Dhabi asubuhi, salio limenona, nikavuka daraja la Maqta nikijua nimelipa. Kumbe kule ni Darb, mfumo mwingine kabisa: hauna stika, kamera inasoma namba ya gari na kukata kwenye akaunti yake yenyewe. Sikuwa nimejisajili, uzembe wangu, na faini ikanifuata hadi nyumbani. Ukiacha gari nyumbani ni hivyo hivyo: metro ya Dubai ina kadi ya Nol, mabasi ya Abu Dhabi yana kadi ya Hafilat. Nchi moja, salio nne za kukumbuka kujaza.

Kwa anayezunguka Dubai tu, chukua bila wasiwasi. Nyota nne. Ya tano naiweka hadi stika hii inilipie Maqta.