Ampulu za fenoli: nzuri kwa mfereji, si kwa bomba

Seti ya CHEMets ya kupima fenoli, kemikali yenye sumu inayotoka viwandani, imetengenezwa kwa mtu aliye kando ya mfereji, mbali na maabara. Unavunja ncha ya ampulu, kijichupa cha kioo kilichofungwa chenye dawa, ndani ya kikombe cha sampuli, ombwe linavuta maji lenyewe, unaipindua mara kadhaa ili kiputo kipite huku na huku, kisha unalinganisha wekundu na mirija ya rangi. Fanya hivyo kivulini, si kwenye jua kali. Hakuna pipeti, hakuna klorofomu ya maabara.

Inasoma miligramu 0 hadi 1 kwa lita, na mirija ya pili inafika 12. Kwa kukagua maji ya kiwanda inatosha: kanuni za Uganda za maji taka za mwaka 1999 ziliweka kikomo cha 0.2.

Kinachoharibu kazi huanzia kwenye chupa. Sampuli ya maabara hutiwa asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2, ikawekwa kwenye barafu. Hapo inakaa hata siku 28. Halafu mtu anachukua chupa hiyohiyo na kuipima kwa ampulu. Asidi inaizidi nguvu bafa (kemikali ya kushikilia pH) iliyomo, pH haifiki 10 ambayo 4-aminoantipirini, dawa inayotoa wekundu, inaihitaji, rangi haitoki, naye anaandika sifuri. Sifuri hiyo ni ya asidi, si ya maji! Beba chupa mbili za kioo (zile za plastiki za maji ya kunywa ziache): isiyo na asidi pima palepale, ya pili ipeleke maabara.

Maji ya mfereji wa Nakivubo, Kampala, yana vituko vyake. Tope linaficha rangi, na salfidi, ile harufu ya mayai viza, inavuruga majibu. Maabara hukeneka sampuli kwanza. Ampulu haina uwezo huo. Para-kresoli, aina mojawapo ya fenoli, nayo haionekani kabisa kwa njia hii, hata maabara.

Kwa maji ya bomba, usipoteze ampulu. Klorini ikikutana na fenoli huzaa klorofenoli, ambazo ulimi huzinasa zikiwa mikrogramu chache tu kwa lita, kabla ampulu haijaona kitu.

Kabla ya kutoka, tengeneza kipimo cha kujihakikishia: gramu 1 ya fenoli kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa, mililita 1 ya hiyo iongezwe maji hadi 100, kisha mililita 2 za mchanganyiko huo hadi 100. Hiyo ni 0.2 kamili. Vaa glavu, fenoli inaunguza ngozi. Ampulu isipoonyesha wekundu hapo, usiende nayo mferejini.