Rimu na matairi ya Datsun 240Z: anza na nati

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kigongo kuangalia daraja, narudi mjini Mwanza na Datsun 240Z, gari la zamani la sports la Nissan, aliyoniachia baba mdogo. Nilipopita Usagara usukani ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni balansi. Kufika Buhongwa mtetemo ukawa mlio, ko-ko-ko, mbele kushoto. Nikaegesha, nikashika tairi kwa mikono miwili: linacheza. Nati mbili kati ya nne zilizunguka kwa vidole, na boliti zake zilikuwa zimelika thredi, yaani mikato ya kuzungushia nati. Rimu hizo nilikuwa nimezinunua siku tisa tu kabla ya hapo, zikafungwa na fundi wa duka hilohilo.

Siku ya kufunga fundi aliniambia, "Dada, nati ni nati, spana namba 21 inaingia zote." Spana inaingia kweli, na ndipo watu wanapoumia. Kichwa cha nati ya Toyota ni 21, cha Nissan ni 21. Boliti zote mbili zina unene wa milimita 12. Tofauti iko ndani, jicho haliioni: thredi za Toyota zimepishana kwa milimita 1.5, za Datsun na Nissan kwa 1.25. Ukipachika nati ya Toyota kwenye boliti ya Datsun, itaingia mzunguko mmoja au miwili, halafu itagoma. Fundi mwenye subira atasimama hapo. Mwenye mashine ya upepo atabonyeza, nati itapita huku inakata chuma, nawe utaondoka ukiamini imekaza.

Halafu kuna namna nati inavyokaa kwenye tundu. Rimu nyingi za sports hutaka nati yenye mdomo wa koni. Rimu nyingi za alumini zilizotoka kiwandani na Toyota hutaka nati bapa yenye washa, na za Honda hutaka nati yenye mdomo wa mviringo kama mpira. Ukichanganya, nati inashika ukingo mwembamba tu wa tundu, na kila shimo la barabarani linazidi kuilegeza. Ndiyo maana kwangu rimu isiyo na nati zake sahihi haina nafasi, hata ing'ae vipi.

Sasa saizi. Gari hili lilitoka kiwandani na rimu ya inchi 14 yenye upana wa inchi 4.5 na tairi lenye upana wa milimita 175, kimo chake kama milimita 635. Kimo hicho kilinde, maana spidomita imepangwa kwa hicho.

Ninayoiweka ya kwanza ni 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) juu ya rimu yenye upana wa inchi 6 au 6.5. Kimo chake ni milimita 634, karibu sawa kabisa na cha awali. Tena ni tairi la Toyota Wish na Noah, kwa hiyo halikosekani Mwanza. Ubavu wake ni mnene, na mji wetu ni wa mawe: ukipanda Bugarika au Mabatini utaona faida yake. Nachukua Bridgestone na sibadilishi. Nimemaliza seti mbili, na hakuna tairi hata moja lililovimba ubavuni. Lakini nunua tairi la Wish, siyo rimu yake. Wish ina matundu matano. Datsun ina manne, na duara la matundu hayo lina kipenyo cha milimita 114.3. Rimu za Vitz na IST nazo zina manne, ila duara lake ni 100, haziingii. Angalia na ofseti, yaani umbali wa milimita kati ya uso wa rimu unaogusa gari na katikati ya upana wa rimu: iwe ndogo, kati ya 0 na 15. Rimu ya gari la kisasa yenye ofseti 40 au 45 huingia ndani mno, tairi likasugua shokapu.

Ya pili ni kubaki na rimu zako za inchi 14 na kuvalisha 185/70R14. Gari litashuka kidogo na spidomita itasoma juu kwa takriban asilimia 3, ila uendeshaji unabaki mtamu. Muuzaji akikuletea 185R14C, kataa. Hiyo C ni ya magari ya mizigo. Tairi ni gumu, litakurusharusha hadi Nyegezi.

Ya tatu ni 205/60R15. Inashika lami vizuri, lakini usukani wa 240Z hauna pawa, na kukata kona za kuegesha mjini kutakuchosha mabega.

Inchi 16 na 17 siziweki kwenye gari hili. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1971 na 240Z, Shekhar Mehta akashinda na gari la aina hiyohiyo 1973. Tazama picha zao uone ubavu wa matairi ulivyokuwa mnene.

Matairi ya mtumba: soma tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni. Yakizidi miaka sita, acha.

Kinachoniuma ni wauzaji. Unalipia rimu nne pesa nzima, halafu unaambiwa nati utapata popote. Ukienda na bodaboda unatajiwa bei moja. Ukiegesha Datsun mlangoni inapanda papo hapo. Nilivyorudi na boliti zilizolika, niliambiwa gari ni bovu. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilishaacha kuzalisha, na sasa matairi mengi yanatoka nje ya nchi. Bei ya juu naielewa. Kuuziwa hatari siielewi.

Nati sahihi zipo: magari mengi ya Nissan, Suzuki na Subaru yanatumia 1.25. Nunua 16 za koni, mpya. Simama pale zinapofungwa, kila moja ianze kwa vidole na iende hadi igote kwenye rimu kabla spana haijagusa. Ikigoma njiani, itoe. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Mimi siku hizi nikienda kuangalia rimu nabeba nati moja mkobani, naijaribisha kwenye tundu mbele ya muuzaji, na asiporuhusu naondoka.