Kununua forwili iliyotumika: gonga chesisi kabla ya kuwasha injini

Malalamiko ya wasomaji walionunua forwili zilizotumika yanafanana mno. Injini inawaka mara moja, gia zinaingia laini, viti safi, kilomita za kuridhisha. Miezi michache baadaye fundi analipandisha gari ili abadilishe bushi za nyuma, analegeza bolti, na bolti inatoka na kipande cha chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Ndipo mwenye gari anapogundua kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia: injini nzuri iliyofungwa juu ya chuma kilichooza.

Kwa hiyo nguvu za farasi, ulaji wa mafuta na ukubwa wa skrini tafuta kwingine. Orodha hii ya forwili tano nimeipanga kwa swali moja: chesisi ya gari hili inaozaje, na ikioza inatengenezeka? Injini mbovu hushushwa ikapandishwa nyingine. Chesisi ndiyo gari lenyewe, na kwenye magari mengi ya aina hii namba ya utambulisho imegongwa juu yake.

Adui hayuko nje. Reli za chesisi kwa kawaida ni maboksi marefu yenye matundu ya kutolea maji chini. Tope linaingia kwa matundu hayohayo, linajikusanya pale reli inapopinda, na kuziba njia. Ukiosha gari, nje panakauka kwa saa moja. Ndani tope linabaki na unyevu kwa wiki. Kama lina chumvi, ya baharini au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, kutu inakula kutoka ndani kwenda nje. Tundu la kwanza ukiliona kwa macho, ujue chuma kilichobaki pembeni yake ni chembamba kama bati la kopo.

Nenda na nyundo ndogo ya nusu kilo, bisibisi pana, tochi, na ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu. Gari liinuliwe na liegemezwe kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Anzia nyuma, mhimili wa kukingama ulio juu ya tairi la akiba. Fuata reli kuja mbele: pale inapopanda kupita juu ya ekseli, mashikio ya mikono inayoshika ekseli, kandokando ya tangi la mafuta, mhimili unaobeba giaboksi, na vikombe vya kushikia bodi nyuma ya magurudumu ya mbele. Gonga kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia ngii, na nyundo inaruka kurudi mkononi. Kilichooza kinalia pu, nyundo inazama kidogo, na magamba ya kutu yanasikika yakimwagika ndani ya reli kama mchanga kwenye debe. Hapo sukuma bisibisi. Ikiingia, mazungumzo ya bei yameisha. Halafu tia kidole kwenye matundu ya maji: kikitoka na tope bichi siku ya jua, pitisha kamera ndani uangalie.

Sasa kuna hila ya rangi nyeusi. Wauzaji wengi wamejua kwamba wanunuzi wanachungulia chini, basi wanapuliza rangi nzito kama lami kuanzia bampa hadi bampa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari la miaka 15 halina sababu ya kung'aa uvunguni, na rangi iliyopakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kuharakisha kazi. Tazama kama imefunika vichwa vya bolti, mabomba ya breki na vibandiko vya kiwandani. Aliyefanya matunzo ya kweli huziba vitu hivyo kabla ya kupuliza. Vivyo hivyo matairi makubwa ya inchi 33 na bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa: hayo ni mapambo, na mara nyingi ni dalili kwamba gari limeshatembezwa majini.

1. Toyota Land Cruiser 70 yenye injini ya 1HZ. Sifichi, naegemea Toyota, na hasa hili. Linatengenezwa tangu 1984 na umbo lake limebadilika kidogo sana. Nyuma limekalia springi bapa zilizolaliana, kwa hiyo mashikio ni machache, yako wazi, na maji ya mpira yanayafikia. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Ina taiming belti: ibadilishe kila kilomita 100,000, kwa sababu ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Usikubali gari ambalo mtu ameliongezea tabo bila kujua anachofanya. Joto linapasua silinda hedi. Kwa matumizi ya kila siku, ukweli ni kwamba linarukaruka likiwa tupu na lina kelele. Pikapu yake, iitwayo 79, inahitaji karibu mita 14.4 kugeuka, yaani katika maegesho utarudi nyuma mara mbili pale wengine wanapopita mara moja. Mwenye familia achukue toleo la 76, yenye milango minne ya abiria na mzunguko mfupi zaidi. Ila bei! Kuna watu wanauza bodi iliyochoka kwa sababu tu imeandikwa Land Cruiser, na ukiuliza historia ya matengenezo unajibiwa kwamba "hizi hazifi". Zinakufa, na huanza na chesisi kama nyingine zote.

2. Toyota Prado 120 na 150. Ndilo gari la kuishi nalo: limetulia barabarani, lina nafasi, na spea zimejaa. Lakini ekseli ya nyuma inashikwa na mikono minne na nondo moja ya kukingama, na kila shikio ni bakuli la tope. Pagonge sana pale reli inapopinda juu ya ekseli. Na asikwambie mtu kwamba Toyota haiozi: mwaka 2016 huko Marekani kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia. Dizeli ya 1KD ya lita 3.0 ina ugonjwa wake. Washa (pete ndogo) za shaba chini ya nozeli zinazopulizia mafuta zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi, injini inajifunga. Shusha sampu, ukague chujio, ubadilishe washa zote nne. Asiyetaka habari hizo achukue petroli ya lita 2.7: nzito kupanda mlima, lakini inatumia cheni.

3. Suzuki Jimny ya kuanzia 2018. Chesisi imeongezewa mihimili, uvungu uko wazi, na gari zima lina uzito wa takriban kilo 1,100, hivyo linapita pale makubwa yanapozama. Buti ya ile ya milango mitatu ni lita 85 tu viti vya nyuma vikiwa vimesimama. Mifuko miwili ya sokoni na umemaliza. Usukani ukitetemeka ghafla kwenye mwendo, usikimbilie kubadilisha stelingi dampa, kile kizuia mtikisiko wa usukani. Kagua kwanza mlingano wa magurudumu, beringi za kingipini (pale gurudumu la mbele linapogeukia) na bushi za nondo ya kukingama. Jimny za zamani huoza sakafu ya buti na vizingiti vya milango.

4. Land Rover Defender ya zamani, iliyokoma kutengenezwa Januari 2016. Linaoza kuliko yote hapo juu, hasa mhimili wa nyuma kabisa, na bodi ya alumini inapogusana na chuma palipo na maji kutu inashamiri. Limeingia orodhani kwa sababu moja: chesisi nzima mpya, iliyochovywa kwenye zinki, inauzwa, na bodi inafunguka kwa spana. Kwenye injini ya Td5, chomoa plagi nyekundu ya kompyuta ya injini. Ukikuta oili, waya za nozeli zimeipitisha na zinahitaji kubadilishwa.

5. Nissan Patrol Y61. Yenye injini ya TD42 chukua, ukikuta vizingiti vizima. Injini za ZD30 za mwanzo zilijulikana kwa kutoboa pistoni.

Mitsubishi Pajero za kuanzia 1999 ni rahisi kupata na zinaendesheka vizuri, lakini chesisi imeunganishwa na bodi, hivyo hakuna cha kufungua na kubadilisha. Hivyo vigari vyenye nembo ya forwili lakini bila gia nzito, zile za mwendo mdogo wenye nguvu, havihusiki hapa.

Ukishanunua, ingiza mpira wa maji ndani ya reli hadi yanayotoka yawe meupe. Acha gari likauke juani siku tatu au nne, kisha puliza ndani nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Lita 3 hadi 5 zinatosha kwa mengi ya haya. Ukiwa chini, kagua vipumulio vya difu, yaani mirija ya kupitisha hewa ya boksi la gia lililo kwenye ekseli. Kikiziba, difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi inafyonza maji kupitia sili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Vuta mrija wake hadi ndani ya boneti. Nta ikishakauka, rudi na waya mwembamba uzibue matundu ya maji moja moja, maana hiyo nta yenyewe ndiyo ya kwanza kuyaziba.