Fremu ya Chuma kwa Mbio za Barabarani: Tathmini ya Ritchey Road Logic

Mtu anayetafuta fremu ya chuma kwa ajili ya baiskeli ya mbio za barabarani hukutana kwanza na majina ya mabomba: Reynolds 531, 725 na 853 kutoka Uingereza, Columbus SL, Zona na Spirit kutoka Italia. Kibandiko kilichopo kwenye bomba la kiti humfanya aamini kwamba akishajua jina, ameshaijua fremu. Mimi naona kibandiko hicho kinapewa heshima kuliko kinavyostahili. Hapa ninaitathmini fremu moja, Ritchey Road Logic ya breki za rimu, ambayo nimeiendesha kwenye barabara ya Mombasa na Malindi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na ninaipima kwa mambo ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua: vipimo vyake, kipenyo na unene wa mabomba yake, na urahisi wa kuitunza mahali ambapo hewa yenyewe ina chumvi.

Jambo ambalo wauzaji hawalielezi kwa uwazi ni kwamba vyuma vyote, vya bei ndogo na vya bei kubwa, vina ukakamavu, yaani ukinzani dhidi ya kupinda, unaokaribiana sana. Kipimo chake ni takriban gigapaskali 200, iwe ni chuma cha kitanda au cha fremu ya bingwa. Alumini ina kama 70 na titani kama 110. Kinachotofautiana kati ya chuma na chuma ni nguvu, yaani mzigo ambao bomba linaweza kuuhimili kabla halijapinda lisirudi au kukatika. Kromoli, ambayo ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, ina nguvu kuliko chuma cha kawaida. Reynolds 853, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1990, inasifika kwa kuongezeka nguvu inapopoa hewani baada ya kuchomelewa, ilhali vyuma vingi hudhoofika karibu na mahali palipopigwa moto. Faida ya nguvu hiyo ni kwamba mjenzi anaweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba bila kuhofia litavunjika. Chuma bora, basi, hakiifanyi fremu iwe kakamavu zaidi. Kinaifanya iwe nyepesi, na ukuta ukipunguzwa mno bila kuongeza kipenyo, fremu hulegea chini ya mwendeshaji mzito.

Hapo ndipo unene na kipenyo vinapoingia. Mabomba ya fremu nzuri huwa na ukuta mnene kwenye ncha, mahali panapochomelewa na panapobeba mzigo mkubwa, na ukuta mwembamba katikati. Ubunifu huu ulipewa hataza Uingereza mwaka 1897 kwa jina la Alfred Reynolds na mwenzake, na hadi leo ndio msingi wa fremu zote za chuma za mbio. Columbus SL, bomba lililotawala mashindano ya Ulaya kwa miaka mingi, lilikuwa na milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Kipenyo cha bomba la chini katika fremu za zamani kilikuwa milimita 28.6, fremu za kisasa hutumia 31.8 au zaidi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukakamavu wa bomba hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo), na kwa ukuta wa unene uleule hatua hiyo peke yake huongeza ukakamavu kwa zaidi ya theluthi, huku uzito ukipanda kwa sehemu moja tu katika tisa. Kwa hiyo anayelinganisha fremu mbili aulize kwanza kipenyo cha bomba la chini, na jina la kampuni ya mabomba lifuate baadaye.

Tom Ritchey, ambaye fremu hii ina jina lake, alianza kuunda fremu California akiwa kijana mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 ndiye aliyejenga fremu za baiskeli za milimani zilizouzwa na Gary Fisher na Charlie Kelly. Wasomaji walioko Rwanda huenda wanamfahamu kwa sababu nyingine: baada ya kuizuru nchi hiyo mwaka 2005 alianzisha Project Rwanda, akabuni baiskeli ndefu ya kubebea magunia ya kahawa, na ni kupitia kazi hiyo Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alifika Rwanda na kuwanoa waendeshaji wa timu ya huko. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha mtu aliyefikiria chuma kwa matumizi magumu, si kwa urembo peke yake.

Mabomba ya Road Logic huitwa Logic, na wazo lake ni rahisi kulieleza. Zamani mabomba yaliunganishwa kwa soketi na shaba, kazi iliyopasha moto eneo pana, hivyo sehemu nene ya ncha ilipaswa kuwa ndefu. Uchomeleaji wa TIG, yaani wa umeme unaokingwa kwa gesi, hupasha moto eneo finyu, na Ritchey aliona kwamba sehemu nene inaweza kufupishwa, gramu zikapungua bila kuhatarisha maungio. Fremu hii hutengenezwa Taiwan, na mishono yake ni myembamba, imelala sawasawa kuzunguka kila bomba, bila mashimo wala vilima. Fremu yenye mishono iliyosagwa na kufunikwa kwa rangi nzito huwa siiamini haraka, kwa kuwa mshono ndio ushahidi pekee wa kazi ya fundi ambao mnunuzi anaweza kuuona kwa macho.

Barabarani, sifa kuu ya fremu hii ni utulivu. Pembe ya mbele ni ya baiskeli ya mbio, karibu nyuzi 73, na mabomba ya nyuma yanayoshika gurudumu ni mafupi, kama sentimita 41, lakini kwenye mteremko wa kasi usukani haumtaki mwendeshaji aushike kwa nguvu. Ukisimama juu ya pedali kuifukuza baiskeli iliyo mbele, eneo la pedali hujongea kidogo pembeni, kwa kiasi ambacho mwendeshaji wa kilo 70 atakiona cha kawaida na mwenye kilo 95 huenda akatamani bomba nene zaidi. Kuhusu ulaini ambao watu huuhusisha na chuma, ni vyema tuwe wakweli: sehemu kubwa ya ulaini huo hutoka kwenye tairi na upepo uliomo. Road Logic hupokea tairi za milimita 28 bila shida, na tairi hizo zikijazwa kwa kiasi zitaituliza mikono kuliko aina yoyote ya bomba.

Uzito haustahili maneno mengi. Fremu hii iko chini kidogo ya kilo 2, na fremu nzuri ya kaboni ina takriban kilo 1 au pungufu. Katika mlima wa saa nzima, kwa mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, kilo 1 ya ziada hugharimu sekunde zipatazo 45. Kwa anayewania nafasi katika mbio za milimani hilo ni jambo kubwa, na mtu huyo asinunue chuma. Tangu ushindi wa Miguel Indurain mwaka 1994, hakuna aliyeshinda tena Tour de France kwa fremu ya chuma. Kwa barabara zetu za pwani, adui ni kusi anayempiga mtu usoni akirudi Mombasa kutoka Malindi. Hapo ukweli ni kwamba fremu za kaboni zilizochongwa kwa ajili ya upepo zina faida, ingawa mwili wa mwendeshaji ndio unaokamata sehemu kubwa ya upepo.

Mahali ninapoisifu fremu hii bila kusita ni katika uchaguzi wa vipimo vya vipuri. Nguzo ya kiti ni ya milimita 27.2, kipimo kinachopatikana karibu kila mahali. Kasha la ekseli ya pedali ni la nyuzi za skrubu za kipimo cha Kiingereza, upana wa milimita 68, kwa hiyo vikombe hufungwa kwa spana na havipigwi nyundo. Mwambie fundi mapema kwamba kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na kawaida. Fundi hodari wa baiskeli za kubebea mizigo anaweza kuziharibu nyuzi hizo kwa nia njema kabisa. Nyaya za breki na giya hupita nje ya mabomba, na huo kwangu ni uamuzi wa busara. Sipendezwi na jambo moja: beringi za usukani hukaa moja kwa moja ndani ya bomba la mbele, bila vikombe vya kubadilishwa. Muundo huo hupunguza uzito na unapendeza, lakini kiti cha beringi kikiliwa na kutu hakuna kikombe cha kung'oa na kuweka kipya. Kwa mkazi wa Nairobi au Kigali hilo ni dogo. Kwa mkazi wa Kilifi ni kazi ya kudumu ya kusafisha na kupaka grisi.

Kutu, kwa kweli, ndiyo hoja nzito zaidi dhidi ya chuma ukanda huu, na huanza ndani ambako jicho halifiki. Rangi hulinda nje. Ndani, unyevu huingia kupitia bomba la kiti na matundu madogo ya kupumulia, kisha hutuama kwenye kasha la ekseli ya pedali. Kabla fremu mpya haijafungwa kipuri chochote, ipulizie ndani nta ya kuzuia kutu, ile ambayo mafundi wa bodi za magari hupuliza ndani ya milango, igeuze pande zote, uiache ikauke. Hakikisha kasha la pedali lina tundu la kutolea maji. Nguzo ya kiti ya alumini ipakwe grisi na itolewe mara kwa mara, kwa sababu alumini na chuma vikikutana na maji ya chumvi hushikana kiasi cha kuhitaji msumeno. Jasho nalo ni chumvi: futa bomba la juu na shingo ya usukani kila unaporudi.

Bei ya fremu hii pamoja na uma wake wa kaboni ni zaidi ya dola 1,000 za Marekani kabla ya usafirishaji na ushuru, na wengi watauliza kama fremu ya mtumba kutoka Ulaya haitoshi. Mara nyingi inatosha, ikichunguzwa vizuri. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na bomba la mbele; uvimbe au rangi iliyopasuka hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu. Pima nguzo ya kiti: bomba la milimita 28.6 linalopokea nguzo ya 27.2 lina ukuta mwembamba wa fremu bora, na nguzo ya 26 au pungufu humaanisha bomba nene na zito, hata kibandiko kikisema vinginevyo. Kisome kibandiko chenyewe hadi mwisho, kwani vingine huhakikisha mabomba matatu makuu peke yake. Nafasi ya gurudumu la nyuma ikiwa milimita 126, fundi mwenye vipimo anaweza kuipanua hadi 130 kwa sababu chuma hukubali kukunjwa kikiwa baridi, jambo ambalo halijaribiwi kamwe kwa kaboni. Ufa ukionekana, usiipeleke kwa mchomeleaji wa mageti: moto wa vijiti vya umeme huteketeza ukuta wa milimita 0.6. Kazi hiyo ni ya TIG au ya kuunganisha kwa madini ya fedha yaliyoyeyushwa, mikononi mwa mtu anayejua mabomba membamba.

Kwa mwendeshaji wa uzito wa wastani anayeshiriki mbio za vilabu na anayetaka fremu moja ya kukaa nayo miaka mingi, naipendekeza Road Logic, kwa sharti kwamba saizi ichaguliwe kwa urefu wa kufikia usukani na kimo cha mbele, vipimo ambavyo havirekebishwi kwa kupandisha kiti. Mwenye bajeti ndogo atafute Columbus SL au Reynolds 531 ya mtumba inayomtosha mwili, na pesa itakayobaki aiweke kwenye magurudumu na tairi. Mwenye mwili mzito aandike kwa mjenzi wa fremu za kupimiwa, amwombe bomba la chini la kipenyo kikubwa na ukuta usio mwembamba kupita kiasi, kwa kuwa fremu ya chuma haihitaji kalibu na mjenzi anaweza kuikata kwa vipimo vya mtu mmoja.